Jua Letu, Elimu ya Nani?

Jua la Afrika halina mwenyewe. Elimu ya kulitumia ina wenyewe. Mwaka 1913, huko Maadi nchini Misri, Mmarekani Frank Shuman alikusanya joto la jua kwa vioo, akapata mvuke wa kuendesha pampu ya maji ya Nile. Vita vya 1914 vilipozuka, kazi ile ikakatika.

Mwaka 2016 Moroko ilizindua mtambo wa Noor I, megawati 160, uwezao kuhifadhi joto katika chumvi iliyoyeyushwa na kutoa umeme kwa saa tatu hivi baada ya machweo.

Sisi twasema: kununua vioo hakutoshi. Vijana wetu na wausome uhandisi huu, na vyuo vikuu viwape karakana, si chaki tu. Asiyeweza kuunda mtambo wake atalilipia hata jua lake.