Fizi: Kabla ya kuota hoteli na gofu Ubwari, tuanze na mgeni aliye wetu

Mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda ziwa Tanganyika kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Njiani walifika Ubwari, na Burton akaandika kwamba ni kisiwa. Si kisiwa. Ni rasi, ulimi mrefu wa milima ulioshikana na bara upande wa kusini, na Baraka inautazama ng'ambo ya ghuba ambayo ramani bado zinaiita ghuba ya Burton. Lakini kosa lake linaeleweka. Mtu wa Baraka anayekwenda kusalimia ndugu Ubwari anatafuta boti, hatafuti gari. Maisha ya kule, kwa bei ya chumvi na kwa mgonjwa anayesubiri upepo utulie, ni maisha ya kisiwa.

Hapo ndipo inapozaliwa ile ndoto inayorudi kila mara watu wa Fizi wanapozungumzia maendeleo: Ubwari iwe mahali pa mapumziko. Hoteli kwenye mchanga, boti za kasi na, kwa wale wenye ndoto kubwa zaidi, hata kiwanja cha gofu. Kwa nini Zanzibar wawe navyo na sisi tusiwe navyo?

Ndoto hiyo si ya kuchekwa. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na aina nyingi za samaki wake hazipatikani penginepo. Jina la Ubwari linajulikana kwa wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya kuliko linavyojulikana Kinshasa: samaki wadogo wa mawe ya pwani yetu wamekuwa wakiuzwa nje kwa jina la mahali walipotolewa, na mtu wa Ujerumani anawalisha sebuleni bila kujua kama Ubwari ni mji au mlima. Juu ya hayo kuna misitu ya Itombwe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2006, na ile ya Ngandja, hifadhi tangu 2016. Kuna pia historia: Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akatua Kibamba, akakaa milima ya Fizi hadi Novemba. Nchi nyingine zinauza tiketi kwa historia ndogo kuliko hiyo.

Basi kizuizi si uzuri. Ili kukiona, tujiweke mahali pa mtu anayepanga safari.

Chukua mtu wa Brussels au Johannesburg anayetaka wiki moja ya gofu kwenye kisiwa chenye joto. Haanzi kwa kuuliza kama maji ni ya buluu. Hilo analichukulia kuwa hivyo. Anauliza ndege inatua wapi. Anauliza nani atamlipia akivunjika mguu. Kwa Zanzibar majibu yapo. Ndege zinatoka Ulaya moja kwa moja hadi uwanja wa Abeid Amani Karume. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia analazimika kununua bima ya shirika la bima la Zanzibar lenyewe, dola 44, kwa hiyo swali la mguu limejibiwa hata kabla hajapanda ndege. Kiwanja cha gofu chenye mashimo tisa kipo Mangapwani, kwenye hoteli ya Sea Cliff. Mwaka 2024 kisiwa kilipokea wageni zaidi ya 700,000. Wanaotafuta mashimo 18 wanakwenda pwani ya Kenya, Diani au Vipingo, au Kigali.

Sasa mtu huyo huyo aandike Baraka. Uwanja wa ndege wa jimbo letu ni Kavumu, na Kavumu ilichukuliwa na M23 Februari 2025, siku moja na kuingia kwao Bukavu. Desemba mwaka huo huo waliingia Uvira, siku chache tu baada ya Rais Tshisekedi na Rais Kagame kutia sahihi makubaliano ya Washington, kisha wakatangaza kuondoka. Uvira ndiyo mlango wa Baraka kwa anayetoka Bujumbura. Serikali za Ulaya na Marekani zinawaonya raia wao wasikanyage Kivu, na onyo hilo si maneno ya adabu tu: kampuni nyingi za bima hazimlipi mtu aliyekwenda mahali ambapo serikali yake imemkataza. Yaani mgeni wetu anasimamishwa na karatasi ya bima, hata kabla ya kufikiria bunduki.

Na mguu wenyewe, ukivunjika? Fizi tunajua habari ya hospitali. Kwa miaka Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walitibu watu Baraka, wakipambana na malaria na kipindupindu kisichotaka kutoka. Desemba 2020 walitangaza kuondoa sehemu kubwa ya kazi zao katika teritwari, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa. Shirika lililozoea vita likiona pamezidi, mpiga gofu atafanya nini?

Halafu kuna barabara. Barabara ya kitaifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Mboko hadi Baraka na kuendelea kuelekea Kalemie, ni uti wa mgongo wa Fizi. Kila motari anaijua kwa mashimo yake (si yale 18) na kwa barieri zake. Watafiti wa IPIS walipohesabu barieri za Kivu zote mbili mwaka 2017 walipata 798, nyingi zikiwa za kutoza pesa. Mwenye mihogo analipa, mwenye ndagala analipa, na mgeni mwenye begi kubwa atalipa mara mbili. Wanaosimama pale wana majina mengi, wa serikali na wasio wa serikali, na wengine wanasema wazi kwamba hawana mshahara mwingine. Huwezi kuahidi utalii kabla ya kumwambia mtu huyo atakula nini kamba ikiondolewa.

Tuseme amani imekuja kesho asubuhi. Je, gofu?

Kiwanja cha mashimo 18 kinahitaji kama hekta 50 au zaidi, tena ardhi isiyo na mteremko mkali, na maji mengi ya kunyweshea nyasi wakati wa kiangazi. Anayeijua Ubwari anajua kwamba mlima unashuka karibu hadi majini. Ardhi ya sawa ni kidogo, na ndiyo yenye mihogo, michikichi na nyumba. Vipingo, Kenya, walijenga juu ya sehemu ya shamba la mkonge, ardhi yenye hati na mwenye shamba mmoja. Huku kwetu hekta 50 zina koo nyingi, makaburi, na mipaka inayojulikana kwa mti na kwa jiwe. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, na kwa ardhi za mila ikaahidi, katika kifungu cha 389, kwamba amri ya Rais itazipangia utaratibu. Amri hiyo ilingojewa miongo na miongo. Katika pengo hilo mtu mwenye pesa na rafiki ofisini anaweza kutoka na karatasi ya shamba ambalo wengine wamelilima tangu babu zao. Fizi imeona damu ya kutosha kwa sababu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni kwenye udongo huu. Kuongeza kiwanja cha gofu juu ya ugomvi huo ni kutafuta moto.

Hata Zanzibar, tunayoitazama kwa wivu, imelipa bei yake. Utafiti wa shirika la Kiingereza Tourism Concern mwaka 2012, uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulionyesha kwamba mgeni wa hotelini alitumia maji mara nyingi zaidi ya mwanakijiji wa jirani. Sisi tuna ziwa zima mbele yetu na bado kipindupindu kinatushika, kwa kuwa maji ya bomba hayatoshi. Pampu ya kwanza ikifika Ubwari, itanywesha nyasi au watoto?

Na mchanga wenyewe unahama. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likameza nyumba na barabara za pwani, Uvira, Kalemie na hata Bujumbura. Mei 2025, usiku mmoja wa mvua, mto ulibeba kijiji cha Kasaba katika sekta ya Ngandja, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha kwa hesabu za viongozi wa mahali. Anayechora hoteli ufukweni aanze kwa kuuliza wazee maji yalifika wapi.

Kwa hiyo mgeni wa gofu hatakuja karibuni, na kusema kweli simwoni kuwa hasara kubwa. Kuna mgeni mwingine tunayemsahau, na huyo tayari anakuja.

Tangu vita vya 1996 watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ikawa mji wa Kibembe ndani ya Tanzania. Kuanzia Oktoba 2005, UNHCR iliwarudisha makumi ya maelfu kwa meli, ikiwemo MV Mwongozo, kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengine hawakurudi, walipelekwa Marekani, Kanada, Australia. Leo wana kazi, wana watoto wanaozungumza Kiingereza darasani na Kiswahili kanisani, na wana kiu ya kuona kaburi la bibi. Mtu huyo hahitaji kushawishiwa kwa picha za Ubwari. Hataki gofu. Anataka boti yenye jile za kuokolea kwa kila abiria, chumba safi chenye chandarua na umeme wa sola, mikeke ya kukaanga, na mtu wa kumfikisha kijijini bila kumtoza kwenye kila kamba. Pesa anazoacha zinaingia moja kwa moja kwa mama wa sokoni, motari na fundi wa boti. Na akija kwenye kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati shule za Marekani zimefungwa, atakuta upepo wa kusini unaopandisha mawimbi. Boti nzuri si starehe wakati huo, ni uhai.

Lakini angalia tunavyompokea. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine wowote. Kijana wa Fizi aliyeapa kuwa Mmarekani anaingia nyumbani kwao kwa viza, kama yule wa Brussels. Yule ambaye bado ana hati ya ukimbizi ana shida nyingine: akirudi nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza ulinzi uliomwokoa. Ndiyo maana familia nyingi zinakutana Kigoma au Bujumbura. Sherehe, hoteli, nguo za harusi na nauli zote zinalipwa huko, na Baraka inabaki kutuma ndagala kwa mwenye safari.

Akitaka kujenga, mlango unakuwa mwembamba zaidi. Sheria ile ile ya 1973 inampa Mkongomani haki ya kudumu juu ya kiwanja chake. Aliye na uraia wa nje anapewa miaka 25 inayoweza kurefushwa. Wengi wanazunguka tatizo hili kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la kaka au shangazi. Hapo ndipo kesi nyingi za familia zinapozaliwa: pesa zilitumwa miaka kumi, nyumba ikasimama, na siku mwenye pesa anapofika anaambiwa yeye ni mgeni.

Mambo haya hayangoji mwekezaji kutoka Dubai. Viza ya bei nafuu kwa waliozaliwa Kongo na watoto wao iko mikononi mwa Kinshasa, na wabunge waliochaguliwa Fizi wanaweza kuidai kikao kijacho. Orodha moja ya tozo, ikibandikwa kwenye kila barieri ya serikali kati ya Uvira na Baraka, ni kazi ya jimbo. Ukaguzi wa boti za Ubwari kabla ya kuondoka, idadi ya abiria na jile, ni kazi ya mji wa Baraka na ya wenye boti wenyewe. Na kabla ya mtu yeyote kutia sahihi karatasi ya hekta hata moja ya pwani, koo zinazolima pale ziitwe, mipaka itembelewe kwa miguu, iandikwe, na nakala ibaki kijijini.