Saa ya Kale Si Ploti ya Kitengela

Katika mji wa Kitengela, ambako kwa miaka mingi sasa mazungumzo ya watu huanza kwa ploti na kuishia kwa ploti, mtu akiniona nimeinamia meza ya fundi saa nikichagua saa kuukuu miongoni mwa vifuniko na mikanda iliyokatika, huniuliza swali lile lile ambalo angemwuliza mnunuzi wa ardhi: je, itapanda bei? Simlaumu anayeuliza, maana wakazi wa hapa wameona kwa macho yao nyika iliyokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi ikipimwa, ikagawanywa vipande, ikauzwa na kuuzwa tena, na aliyewahi akatajirika. Lakini naona ni wajibu wangu kusema waziwazi kwamba kipimo hicho hakifai kwa saa za kale za kwatsi, yaani zile ambazo wengi wetu huziita saa za betri, na kwamba saa inayostahili fedha yako ni ile ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua, kuitia uhai, na kukurudishia mkononi uivae.

Nazitaja saa za kwatsi kwa kusudi, kwa sababu hata miongoni mwa wapenzi wa saa kuna dharau ya siku nyingi juu yake: husemwa kwamba saa yenye heshima ni ile itiwayo ufunguo au ijazwayo kwa mwendo wa mkono, na kwamba hii ya betri haina roho. Dhana hiyo ni dhuluma. Tarehe 25 Desemba 1969, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko ilitoa saa ya mkono iliyoitwa Astron, ya kwanza ya kwatsi kuuzwa dukani duniani, kwa bei ya yeni 450,000, ambayo wakati ule ilikaribia bei ya gari dogo la Toyota Corolla. Na ilikadiriwa kwamba haitakosea zaidi ya sekunde tano kwa mwezi, katika zama ambazo saa nzuri ya springi ilisifiwa ikikosea kiasi hicho kwa siku moja. Siri yake ni kipande cha jiwe la kwatsi. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walikuwa wamegundua mwaka 1880 kwamba mawe ya namna hiyo yakibanwa hutoa umeme, na baadaye ikathibitika kwamba yakipewa umeme hutikisika. Katika saa nyingi za kwatsi zilizofuata, jiwe hilo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, hesabu ambayo ukiigawa kwa mbili, na tena kwa mbili, mara kumi na tano, hubaki moja kamili. Na hiyo moja ndiyo hatua ya akrabu, kama wazee wa pwani walivyouita mshale wa saa. Kila nikilifikiri jambo hili hustaajabu upya. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibakiwa na zaidi kidogo ya 30,000 tu ilipofika katikati ya miaka ya 1980, na mtikiso wa jiwe hilo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Basi anayeshika mkononi Seiko au Citizen ya miaka ya 1970 ameshika ushahidi wa mapinduzi makubwa, naye hapa kwetu aghalabu huupata kwa bei ya jozi ya viatu vya mitumba.

Bei hiyo ni ndogo kwa sababu muuzaji huamini kwamba saa isiyokwenda imekufa, na hapo ndipo maarifa madogo yanapogeuka kuwa mali. Mzee mmoja mstaafu wa mjini Kajiado alinionyesha saa yake akisema imeingiwa na wazimu, kwani akrabu ya sekunde ilisimama kimya, kisha ikaruka hatua mbili kwa pamoja, ikasimama tena; na kijana mmoja alikuwa amekwisha mwambia kwamba mashine imeharibika, anunue nyingine. Kumbe waundaji wa saa waliweka mruko huo kwa makusudi, uwe onyo kwamba betri inakaribia kwisha. Ilitiwa betri mpya, kitu cha shilingi mia chache, ikarudia mwendo wake wa adabu. Sijui ni saa ngapi nzima zimetupwa jaani katika nchi hii kwa kutojulikana kwa ishara hiyo moja.

Sharti langu la kwanza kwa muuzaji, basi, ni kwamba mfuniko wa nyuma ufunguliwe mbele yangu kabla fedha haijatoka mfukoni. Nililipia elimu hiyo. Jioni moja, jijini Nairobi, nilinunua saa nyembamba ya rangi ya dhahabu, ya kupendeza mno, kwa kuwa muuzaji aliapa kwamba inataka betri tu. Kesho yake, mezani kwa fundi wa Kitengela, tulikuta betri ya zamani imevuja, maji yake yamekula njia za umeme, na waya wa koili, ulio mwembamba kuliko unywele, umekatika. Fundi alinitazama, akaifunga bila neno. Koili ikikatika na vipuri vyake havitengenezwi tena, saa hiyo ni pambo tu. Kwa hiyo natazama kwanza kama kuna ukoko wa kijani au mweupe. Kisha natazama kama mashine ni ya shaba yenye skrubu na vito, au ni plastiki iliyoshindiliwa pamoja. Saa ya wapiga mbizi ya Seiko yenye mashine namba 7548, iliyoanza kutolewa mwaka 1978, ni ya namna ile ya kwanza, na ina hata kiskrubu cha kurekebishia mwendo, fundi akaipunguza au akaiharakisha apendavyo. Ile ya plastiki fundi huing'oa mashine yote akapachika mpya. Uso ni ule ule, ila aliyenunua historia amebaki na ganda.

Kisha nasoma mgongo. Katika Seiko za zama hizo, namba ya mfululizo huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: ikianza na 8 kisha 2, saa ilitoka Februari ya mwaka unaoishia na 8, na namba ya mashine ndiyo itakayoamua kama ni 1978 au 1988. Nawe ukiambiwa kwamba saa ya kwatsi iliyo mbele yako ilivaliwa na babu siku ya Uhuru, mwaka 1963, kumbuka Krismasi ile ya Tokyo.

Wako wanaonunua kwa ajili ya faida, nami siwazuii. Saa zenye nembo ya jambia la Oman, ambazo Sultani Qaboos aliwatunukia watu, hutafutwa sana minadani. Lakini asiyekuwa na jicho la mtaalamu ataangukia za bandia kabla hajaona moja ya kweli.

Mimi natafuta kitu kingine, nacho ni nafasi baina ya masikio mawili yanayoshika mkanda. Ikiwa ni milimita 18 au 20, saa itapokea mkanda wa kawaida, na akina mama wa Kimaasai wa Kajiado watakushonea wa ushanga juu ya ngozi, wenye rangi uzitakazo, ambao hakuna kiwanda cha Uswisi kitakachokupa mfano wake. Saa yenye mkanda wa chuma ulioungana na mwili wake, hata iwe nzuri vipi, naiacha: mkanda ukikatika, basi. Wala msiamini maandishi ya kwamba haiingii maji. Mpira wa ndani wa miaka arobaini umekwisha kauka, na vumbi letu nalo hupenya.

Ziko pia saa ambazo hazinunuliwi kabisa, nazo ndizo zinazonisikitisha zaidi: zile za marehemu wetu, zilizolala makashani na betri zao ndani, zikivuja kimya kimya mwaka baada ya mwaka. Itoeni betri hiyo, hata kama hamtaitia nyingine. Nimemwona mjane kutoka Isinya akifungua fundo la leso mezani kwa fundi, akatoa Citizen ya mumewe. Ndani mlikuwa na unga mweupe, na fundi akausafisha kwa tone la siki na brashi kwa muda mrefu, akapachika betri, tukangoja. Akrabu ilisogea hatua moja, ikasita, kisha ikaendelea. Mama yule hakuuliza thamani yake. Aliuliza tu kama mkanda unaweza kupunguzwa, umtoshe mkononi.