Idi, Runinga na Amana ya Baba

Ndugu Waislamu, siku ya Idi akina baba wengi wakishakula pilau hutoka kwenda barazani, runinga ikabaki kulea watoto. Tunasema: kaeni nao, mchague pamoja cha kutazama.

Filamu ya “Children of Heaven” (1997) ya Majid Majidi wa Iran inafaa. Ni ya Kiajemi, hivyo baba atawasomea wadogo maandishi. Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra. Kwa ufukara wa nyumbani, wanapokezana jozi moja kwenda shule. Baba yao anavunjavunja sukari ya msikitini. Zahra anamletea chai isiyo na sukari, na kumkumbusha kuwa sukari tele iko mbele yake. Baba anakataa: hiyo ni amana ya msikiti, niletee ya nyumbani.

Amana tunayoisomesha madrasa mwaka mzima, mtoto anaiona kwa dakika moja. Kisha atageuka amwangalie baba aliyekaa kando yake. Je, kalamu na karatasi za ofisini hazimo kabatini mwetu? Tuanzie hapo.