Mbunifu Ajuane na Nani?

Kijana wa Tanga akijifunza kubuni programu za simu, ushauri anaopewa ni ule ule: panda basi uende Dar es Salaam. Huko, anaambiwa, ndiko kwenye koneksheni. Ahudhurie makongamano, apige picha na wakubwa, agawe namba yake, ajaze majina kwenye LinkedIn, na kazi zitamfuata. Akibaki Tanga ataishia kutengeneza kadi za harusi. Mji wenyewe umeshazoea kuitwa wa waja leo waondoka leo, kwa hiyo kuondoka kwake hakumshangazi mtu.

Wanaotoa ushauri huu wana nia njema. Lakini kwa fani hii, yaani kazi ya kupanga namna programu itakavyoeleweka na kutumiwa na mtu wa kawaida, ushauri huo unamwanzisha kijana mahali pasipofaa, na hasara yake hatuipati sisi wabunifu peke yetu.

Kwanza tuukubali ukweli uliomo. Kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi huletwa zaidi na watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko ndugu na marafiki wa karibu, maana wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20, nao ulikubaliana naye kwa sehemu kubwa. Hata hivyo uliongeza jambo ambalo washauri wetu hawalitaji: uhusiano uliosaidia zaidi ni ule uliolegea kwa kiasi. Ukilegea kupita hapo, manufaa yake yanashuka.

Hapo ndipo picha za ukumbini zinapokwama. Mtu uliyeonana naye dakika tano akapokea namba yako hana la kusema juu yako siku meneja atakapomuuliza, "Unamjua mbunifu mzuri?" Anakumbuka jina tu, na jina halitoshi. Ili akutaje lazima awe na kisa cha kusimulia: huyu ndiye aliyegundua kwa nini wateja wetu walikuwa wanaishia njiani kabla ya kulipa. Sisemi kizuri chajiuza. Hakijiuzi, na wabunifu wengi hodari wamekaa bila kazi kwa kuamini hivyo. Ninachosema ni kwamba kujuana husafirisha kitu, na lazima kitu chenyewe kiwepo kwanza.

Kitu hicho, kwa mbunifu, hutoka kwa watumiaji. Historia ya M-Pesa yatosha kuwa ushahidi. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji kupokea mikopo na kuirejesha kwa simu. Waendeshaji walipochunguza namna watu walivyoitumia kweli, waliona mengine: watu walitumiana fedha, walilipana katika biashara zao, na wengine waliweka pesa kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilinadiwa kwa jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wazo lililoibeba lilitokana na wateja waliotazamwa kwa makini.

Wateja wa namna hiyo Tanga inao tele. Kaa saa moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, kando ya kibanda cha wakala katika mojawapo ya barabara za Ngamiani. Bibi anafika, anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anapenyeza simu yake ya vitufe dirishani. Wakala anabonyeza menyu kwa niaba yake, anaingiza kiasi, halafu anamrudishia: "Weka namba ya siri, bibi." Bibi hana miwani. "Niwekee wewe mwanangu," anasema, na anaitaja kwa sauti huku foleni nzima ikisikia. Wakala anaandika muamala kwenye daftari, bibi anahesabu noti zake, anakwenda zake.

Aliyeichora menyu ile alidhani simu moja ina mtumiaji mmoja. Pale dirishani watumiaji walikuwa wawili, na kinga yote ya siri ilikuwa imeegemea uaminifu wa kijana wa kibandani. Mbunifu aliyeona hayo kwa macho yake anajua maswali ambayo mwenzake wa ofisini hajayafikiria: maandishi yawe makubwa kiasi gani, msaidizi aruhusiwe kufika hatua ipi, mwenye fedha athibitishe vipi bila kuitoa siri yake. Nenda soko la samaki la Deep Sea, au kwa wakulima wa mwani, au kwenye vituo vya kukusanyia maziwa ambako mfugaji anataka kujua lita zake zimeandikwa ngapi na malipo yanaingia lini. Kila mahali pana somo kama hilo. Wakala, mkuu wa soko na karani wa ushirika ndio wa kuwa wa kwanza katika orodha ya mbunifu ya watu wa kujuana nao, kwa sababu wao ndio wanaomfungulia mlango kwa watumiaji.

Zipo hoja mbili za kujibu. Ya kwanza inasema mbunifu anahitaji pia wenzake wa fani wa kumkosoa. Kweli kabisa. Lakini ukosoaji wa maana hautolewi ukumbini mwenye watu mia tatu. Hutolewa na watu wanne au watano wanaokutana kila wiki na kuzijua kazi za kila mmoja. Pwani yetu inajua kukaa barazani, hatuna haja ya kufundishwa. Kila mmoja alete kurasa za programu anayoihangaikia, na mara moja kwa mwezi aalikwe mtumiaji halisi, dereva wa bodaboda au mama lishe, alipwe kwa muda wake, apewe simu na kazi moja ya kufanya. Sharti liwe moja: mbunifu anyamaze, asimwelekeze. Mtaalamu wa majaribio ya watumiaji, Jakob Nielsen, alitetea mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro katika awamu moja ya majaribio. Watu watano Tanga hupatikana kwa alasiri moja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kijana atakula nini? Soko la Tanga ni dogo, na kampuni kubwa za simu na benki zina makao Dar. Kwa hiyo sipingi safari. Mwaka 2016 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa AfriCHI, kongamano la kwanza la Afrika kuhusu uhusiano wa watu na kompyuta, na mikutano ya aina hiyo ina faida kubwa kwa aliyekwenda na jambo la kueleza. Ninachopinga ni kwenda mikono mitupu. Mbunifu akiandika vizuri alichojifunza kwa wafugaji wa maziwa, akaonyesha kurasa alizobadili na sababu za kuzibadili, akaficha majina ya watu na siri zao, ana kitu cha kumtumia meneja yeyote aliye Dar, Nairobi au Muscat. Kisa hicho kinatembea bila nauli. Na siku atakapoingia ukumbini, mazungumzo yatakuwa na pa kuanzia.

Wenye kampuni nao wana wajibu. Kama wanaajiri tu wale wanaokutana nao kwenye hoteli za mjini, wataendelea kupata wabunifu wanaofanana nao, wenye simu kama zao na miwani kama yao. Tangazo la kazi limtake mwombaji aonyeshe mtumiaji mmoja aliyemsaidia, na lieleze wazi kwamba aishiye Tanga, Pangani au Bagamoyo anakaribishwa kufanya kazi akiwa huko huko.

Huduma za fedha, afya na elimu zinazidi kuhamia kwenye simu, na wanaozibuni wanazidi kukusanyika katika jiji moja. Kijana anayeijua foleni ya Ngamiani ana ujuzi ambao huduma hizo zinauhitaji leo. Tumwambie aanze na foleni hiyo, awaandike watu wake, awatetee katika kila ukurasa anaouchora. Dar ataifikia akiwa na hoja, na wenye Dar watakuwa na sababu ya kumtafuta.