NDEGE ZILIGAWANYWA, JASHO LIKASAHAULIWA



Wako wasemao kwamba East African Airways ilikufa kwa sababu ya wafanya kazi. Maneno hayo ni uongo, nasi twayakataa.

Shirika lile lilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo sita za Dragon Rapide. Mwaka 1960 likapata Comet, na mwaka 1966 Super VC10, ndege kubwa za kwenda Ulaya. Ni nani waliozitunza pale Embakasi? Ni mafundi wenye grisi mikononi, makarani, wapishi na wapakiaji mizigo. Mkenya, Mganda na Mtanzania walishika spana moja.

Basi lilikufaje mwaka 1977? Serikali tatu zenye mali zilibishana juu ya madeni. Fedha za tikiti zikazuiliwa, hazikuvuka tena mipaka kwenda makao makuu Nairobi. Je, fundi ndiye aliyezizuia? Mpakiaji mizigo ndiye aliyekopa? Hata! Lakini milango ilipofungwa, wao ndio waliobaki nje.

Wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko. Jungu hili lilipopasuka, wakubwa walipata ndege na majumba, na kila nchi ikaunda shirika lake. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi mwaka 1984, na kila serikali ikakubali kuwalipa raia wake. Hata hivyo, Watanzania waliotumikia Jumuiya, wa ndege, reli, bandari na posta, walidai haki yao mpaka mahakamani. Walipatana na serikali yao mwaka 2005. Miaka 28! Wangapi walikwisha zikwa? Na hata baada ya hapo wazee waliandamana Dar es Salaam wakisema hawajalipwa sawasawa.

Ndugu, hayo ni mafunzo kwetu. Kwa hiyo twadai:

1. Fedha za uzeeni zisikae mkononi mwa mwajiri hata mwezi mmoja.
2. Kampuni ikifungwa, mishahara na kiinua mgongo vilipwe kabla ya mabenki.
3. Mapatano ya kufunga au kugawa shirika yasitiwe sahihi bila chama cha wafanya kazi kuwapo mezani.

Mwanachama, itazame karatasi yako ya mshahara mwezi huu. Fedha uliyokatwa imekwenda wapi? Muulize mwakilishi wako leo, shirika lingali hai. Likisha kufa, utamwuliza nani?