Laini inaulizwa kitambulisho, pombe je?

Ukisajili laini ya simu Singida mjini, utadaiwa namba ya NIDA na kidole juu. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizo na alama za vidole zilianza kuzimwa. Sawa. Ila vuka barabara uagize pombe: nani atakuuliza?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 sigara au pombe. Muuzaji atakwambia, "Ah, huyu namjua, katumwa na baba yake." Kumjua mtoto kungekuwa sababu ya kumrudisha mikono mitupu, sisi tumekugeuza kibali. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini sigara bado zinauzwa mojamoja. Na sisi waandishi? Mtoto anayetumwa sigara na kurudisha chenji tumemfanya picha ya utii!

Msiniambie vijijini Iramba si wote wana kadi. Mtoto wa darasa la nne hatambuliwi kwa kadi. Kadi ni ya yule ambaye huwezi kujua kama ana 17 au 20. Aulizwe, na asinune.

Nawe mzazi, kafuate sigara yako mwenyewe.