Makala za Magofu Zirudi Lamu kwa Kiswahili

Takwa haikupotea. Tunaanza na hilo kwa sababu kila baada ya muda hutokea makala ya televisheni kuhusu miji ya kale ya pwani, na msimulizi, kwa sauti nzito na muziki wa kutisha, huwaambia watazamaji kwamba wanaonyeshwa mji uliopotea. Umepotea kwa nani? Watu wa Shela, kisiwani Lamu, wanajua kwamba wazee wao walihama Takwa yapata miaka 300 iliyopita. Mpaka leo hupanda mashua, hukata mlango wa bahari na kupita katikati ya mikoko hadi kisiwani Manda, wakaomba dua ya mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Kaburi hilo limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1683 kwa kalenda ya Kizungu. Mji ambao watu wake bado huuzuru na kuusomea dua hauwezi kuitwa mji uliopotea.

Makala hizi hatuzichukii. Zimewafanya watu wa mbali wajue kwamba Manda, Pate, Siyu na Shanga zilikuwa miji ya watu waliostaarabika, wenye misikiti ya mawe na vyombo kutoka China na Ghuba ya Uajemi. Tunachokidai ni kwamba anayekuja kupiga picha makaburi yetu arudishe alichopiga, tena kwa lugha ya wenye makaburi.

Tazama yaliyotokea 2013. Wachimbuzi walioongozwa na Chapurukha Kusimba, msomi Mkenya, na mwenzake Sloan Williams walipata sarafu moja kisiwani Manda. Ni kisahani cha shaba na fedha chenye tundu la mraba katikati, kilichotolewa enzi za mfalme Yongle aliyetawala China tangu 1402 hadi 1424. Habari ikazunguka dunia nzima, na karibu kila aliyeitangaza akaifungamanisha na merikebu za Zheng He, amirali wa mfalme huyo. Huenda ni kweli. Lakini pesa hutembea. Sarafu ile yaweza kuwa ilipita mikononi mwa mfanyabiashara wa India, ikashuka Hormuz, ikapanda jahazi la msimu wa kaskazi, ikafika Manda bila Mchina hata mmoja kukanyaga ufuo wetu. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuliwaza hilo, kwa sababu keshaonyeshwa merikebu za kuchorwa na kompyuta zikitia nanga.

Sasa linganisha na Shanga, upande wa kusini wa kisiwa cha Pate. Huko Mark Horton alichimba miaka ya 1980, na chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafikia vijisikiti vya miti vya karne ya 8. Aliujuaje msikiti wa miti uliooza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita? Kwa madoa. Nguzo ikioza ardhini huacha shimo linalojaa udongo wa rangi nyingine. Ukiparuza kwa mwiko taratibu, ukanyunyiza maji kidogo, unaona duara jeusi limekaa kwenye mchanga mweupe. Kando yake la pili, kisha la tatu, yamejipanga mstari. Hapo ndipo palikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta huo, katika chumba kisichotosha watu wengi, watu walisimama safu wakaswali.

Duara la udongo halimeti kama sarafu, na mwenye kamera hulipita. Kwetu sisi duara hilo lina uzito zaidi kuliko sarafu mia. Linatuambia kwamba Uislamu wa visiwa hivi ulianza kwa kijumba cha miti, ukajengwa upya mahali pale pale kizazi baada ya kizazi, hadi likaja jiwe la matumbawe na chokaa.

Makala nyingi hutafuta mgeni: nani alikuja, akaleta nini? Hata wachimbuzi wenyewe walitofautiana juu ya hilo. Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Manda 1966, aliona mji ulioanzishwa na watu wa Ghuba. Horton aliona mji uliokua kutoka kwa wenyeji. Mwaka 2023 Kusimba na wenzake wakachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwamo waliozikwa Manda na Faza. Walikuta mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000, asili ya akina mama wengi ikiwa ya Kiafrika na ya akina baba wengi ikiwa ya Kiajemi. Wazee waliosimulia habari za Washirazi, mababu waliotoka Uajemi, hawakuwa wakibuni, na wala hawakusimulia yote. Mambo haya ni mazito, yanagusa nasaba za watu walio hai, na ni aibu kwamba hufika barazani kama uvumi wa vipande viwili, kila mtu akishika kipande kinachompendeza.

Watu wa pwani wakipewa nafasi, hujibu. Mwaka 1999 Henry Louis Gates wa Harvard alipotoa mfululizo wake wa televisheni kuhusu maajabu ya Afrika, sehemu moja ikihusu Waswahili, Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alimkosoa hadharani na kwa ukali. Naye hakuwa mgeni wa kazi hiyo, kwani 1986 alitoa mfululizo wake mwenyewe, The Africans. Lakini Mazrui alikuwa profesa Marekani na Kiingereza kilimtii. Bibi wa Siyu ambaye shamba lake limepakana na magofu atamjibu nani, na kwa lugha gani? Na kijana aliyeshinda juani akitikisa chekeche la vigae, ambaye kwenye picha huonekana akipita na karai kichwani bila kusema neno?

Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye dhamana ya magofu haya. Tunaitaka iweke sharti kwa kila anayeomba kuchimba akiwa na kamera, au kupiga picha mahali palipochimbwa: nakala yenye masimulizi ya Kiswahili ikabidhiwe Lamu kabla makala haijarushwa kwingine. Gharama ya kuingiza sauti ni ndogo ukilinganisha na ya kukodi ndege na boti. Nakala ioneshwe uani mwa Ngome ya Lamu, kisha ipelekwe Shela, Siyu na Faza, na mchimbuzi mwenyewe awepo kujibu maswali. Wakimkosoa, na hilo liandikwe lihifadhiwe pamoja na filamu.

Na picha zilizokwisha kupigwa miaka yote hii, popote zilipo, ziombwe. Tungependa za Shanga zitangulie, hasa zinazoonyesha yale madoa mchangani.